Pikipiki Ikigoma Baada ya Kubadilishwa Plagi: Kamati Iulize Nini?

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika, Dodoma)



Tumeombwa kuzungumzia utunzaji wa pikipiki za huduma. Tumechagua kifaa kidogo, nacho ni plagi. Bei yake ni ndogo, lakini ikifungwa vibaya huzaa maombi ya vipuri vikubwa, na mhazini huyapitisha kwa sababu hana la kuuliza. Leo tunataka awe na la kuuliza.

Tuchukue mfano mmoja. Pikipiki ya mwinjilisti ilikuwa nzima, ikabadilishwa plagi kwa kuwa muda wake umefika. Tangu hapo ikawa inawaka vizuri ikiwa imesimama, lakini ikipanda kilima au ikibeba mtu inamisi na kuzima. Fundi akasema ni koili; ikanunuliwa. Akasema ni CDI, ikanunuliwa. Mwisho ikaletwa barua ya kuomba pistoni na ringi. Wakati wote huo mwinjilisti alitembea kwa miguu, na mtaa wa mbali ukakosa huduma yake.

Ndipo mjumbe mmoja akauliza plagi ya zamani iko wapi. Iliporudishwa, injini ikatembea. Plagi mpya ilikuwa na ufa mwembamba kwenye kauri, kwa sababu spana ilikaa upande wakati wa kukaza. Injini isipokuwa na mzigo, cheche iliruka mahali pake. Mzigo ulipoongezeka, umeme ulipita kwenye ufa.

Fundisho ni hili: injini iliyokuwa nzima kabla ya matengenezo, ikaharibika baada yake, ichunguzwe kwanza pale mkono wa fundi ulipogusa mara ya mwisho. Kwa hiyo kamati iulize maswali haya kabla ya kutoa fedha:

1. Plagi ya zamani iko wapi? Isitupwe mpaka mpya imefanya kazi angalau juma moja. Kuirudisha ni kipimo kisicho na gharama.

2. Je, namba zinafanana? Pikipiki nyingi za Kichina zina injini ya muundo wa Honda CG125, ambayo hutumia plagi ya NGK D8EA au inayolingana nayo. D ni unene wa nyuzi, milimita 12. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Yenye H badala ya E ina milimita 12.7 tu, itaingia, lakini cheche itakuwa imejificha ndani ya tundu. Na plagi ndefu kwenye injini ya plagi fupi inaweza kugongwa na pistoni. Namba 8 ni kiwango cha joto. Kwa NGK, namba ikipanda plagi hupoza zaidi.

3. Iliingizwaje? Injini iwe imepoa. Plagi izungushwe kwa vidole mpaka washa iguse, kisha spana iongeze nusu mzunguko hivi kwa plagi mpya. Silinda hedi ni ya alumini; ukilazimisha kwa spana tangu mwanzo, nyuzi zinaharibika. Mlio wa upepo unaovuja pembeni ya plagi ni dalili yake, au kwamba haikukazwa.

4. Je, kofia ya plagi imesukumwa hadi mwisho, na waya wake haujachomoka? Swichi ya kuzimia na koki ya petroli zimefunguliwa?

5. Je, vumbi lilisafishwa kabla ya kufungua? Kwa vumbi letu la kiangazi hili si jambo dogo. Mchanga ukiingia kwenye tundu hukwangua silinda, na hapo pistoni itahitajika kweli.

6. Plagi ina rangi gani? Kahawia hafifu ni nzuri. Ikiwa imelowa petroli, injini imezidiwa mafuta, pengine kwa kupigwa kiki mno, ikaushwe. Nyeusi yenye masizi makavu: angalieni chujio la hewa na kabureta. Nyeupe: injini inapata joto mno au petroli kidogo.

Anayepima cheche aiweke plagi mbali na tundu lake na mbali na petroli, isije ikawaka moto.

Maswali haya hayachukui nafasi ya fundi. Fundi mwema atayafurahia, maana yanamkinga asilaumiwe.

Tunapendekeza kila usharika uwe na daftari la pikipiki: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, namba ya kipuri na jina la fundi. Ombi la kipuri kikubwa liambatane na kipuri cha zamani na majibu ya maswali haya sita. Kwa wafadhili wetu, daftari hilo ndilo taarifa ya kweli ya matumizi. Kwa sisi, ni sehemu ya uwakili tuliopewa.