KIOO CHA MBELE WAKATI WA MVUA

(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi wa reli katika mkutano wa tawi, kabla ya mvua za masika. Inachapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya kioo cha mbele cha gari wakati wa mvua. Labda mmoja wenu atauliza: watu wa reli wana habari gani na kioo cha lori? Jibu letu ni kwamba kioo ni kioo na mvua ni mvua. Dereva wa injini ya dizeli ana kioo mbele yake na waipa juu yake, sawasawa na dereva wa lori. Tena wengi wetu tukitoka zamu tunapanda matatu kurudi nyumbani, na roho zetu zinakuwa mikononi mwa mtu anayetazama kupitia kioo kile.

Wazee wetu walioendesha injini za moshi walitusimulia kwamba boila ilikuwa mbele yao, kwa hiyo dereva alitazama njia kwa ubavuni, na mvua ikizidi alitoa kichwa nje akapigwa nayo usoni. Ilikuwa taabu kubwa. Lakini hata mtu yule alikuwa na reli chini yake, inayoongoza gurudumu, na signali ya kumwambia kama njia ni wazi. Dereva wa lori hana kitu kama hicho. Macho yake ndiyo reli yake na ndiyo signali yake. Kioo kikifunga, amebaki bila vyote viwili.

Fanyeni hesabu ndogo pamoja nasi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akiinama kufuta kioo kwa mkono kwa muda wa sekunde tatu, gari limekwenda mita 66 naye haoni. Katika mita 66 mtoto aweza kuvuka barabara, ng'ombe waweza kuvuka, na lori lililoharibika laweza kuwa limesimama bila taa. Kwa hiyo tusiseme kwamba kioo ni jambo dogo.

UKUNGU WATOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba ukungu unaoshika kioo ni mvua iliyopenya kutoka nje. Sivyo. Mara nyingi ukungu huo unatoka kwetu sisi tulioketi ndani. Kila mtu akipumua hutoa hewa ya moto yenye maji ndani yake. Maji hayo hayaonekani mpaka yaguse kitu cha baridi. Tazameni kifuniko cha sufuria ya viazi: ukikiinua, chini yake pana matone. Tazameni chupa ya soda iliyotolewa katika barafu: inalowa nje, na wala soda haikuvuja. Maji yale yametoka katika hewa.

Sababu yake ni hii. Hewa ya moto yaweza kubeba maji mengi, hewa ya baridi haiwezi. Hewa ya digrii 30 za sentigredi yaweza kubeba kama gramu 30 za maji katika sanduku la mita moja kila upande. Hewa ya digrii 10 yaweza kubeba kama gramu 9 tu katika sanduku lile lile. Basi hewa ya ndani ya gari ikigusa kioo kilichopozwa na mvua, inashindwa na mzigo wake na kuutua pale pale juu ya kioo.

Sasa fikirini matatu iliyojaa abiria waliolowa, kila mtu na mwavuli wake, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, inapanda Limuru jioni. Au fikirini lori lenye dereva na taniboi, makoti ya mvua yametundikwa nyuma ya viti, na gunia lililolowa liko miguuni, linakwenda Eldoret kupitia Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hapo hapana budi kioo kishike ukungu.

Lakini uko ukungu wa namna ya pili, na wenzetu wa Mombasa wanaujua. Pwani hewa ya nje ni ya moto na ina maji mengi. Dereva akiwasha mashine ya kupoza hewa kwa nguvu sana, kioo kinapoa, na ukungu unashika upande wa nje. Atafuta ndani mpaka achoke, na ukungu hautoki. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ukungu uko upande gani. Pitisha kidole kimoja pembeni ya kioo kwa ndani. Alama ikionekana, ukungu uko ndani. Isipoonekana, uko nje: piga waipa, na upunguze ule ubaridi usielekee kioo.

KAZI YA KABLA YA SAFARI

Kwanza, osha kioo kwa ndani. Wengi wetu huosha nje, ambako tajiri ataona, tukasahau ndani. Ndani hushika moshi wa sigara, vumbi, na mafuta ya mikono. Ukungu hushika upesi sana juu ya uchafu huo, na usiku taa za gari linalokuja huufanya kioo chote kuwa cheupe. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, halafu kausha kwa kitambaa safi kisicho na mafuta. Gazeti kuukuu nalo lafaa kwa kumalizia. Usitumie kabisa ile pamba ya karakana tunayofutia mashine, kwa maana inapaka mafuta mapya badala ya kuondoa ya zamani.

Pili, tazama waipa. Katika nchi yetu mpira wa waipa hauuawi na mvua, unauawa na jua. Miezi ya kiangazi unakaa juu ya kioo cha moto bila kazi, unakauka na kupasuka, na siku ya mvua ya kwanza unachora mistari tu. Pitisha kidole juu ya mpira. Ukiwa mgumu au una meno, lazima ubadilishwe. Ukiwa mzima, ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, utoe uchafu mweusi. Tena usipige waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi. Vumbi ni mchanga, nao hukwaruza kioo, na mikwaruzo haiondoki.

Tatu, jaza maji katika chupa ya kurushia kioo, pamoja na sabuni ya kioo kidogo. Mvua ikikatika, lori la mbele litakurushia matope, na waipa bila maji itayapaka tu kioo kizima.

Nne, toa maji yaliyo ndani ya gari. Kung'uta mkeka wa miguuni. Makoti na magunia yaliyolowa yawekwe nyuma kwenye mizigo kama yawezekana. Ukiegesha gari usiku na mkeka umelowa, asubuhi utakuta kioo kimefunga kabla hujapumua ndani yake hata mara moja.

NJIANI

Ukungu ukianza kushika kwa ndani, elekeza upepo wa gari kwenye kioo. Kama gari lina joto la injini, lifungulie. Kama lina mashine ya kupoza hewa, iwashe pamoja na joto hilo. Wengine watacheka kusikia kuwasha baridi na moto pamoja, lakini kila kimoja kina kazi yake: ile mashine hukausha hewa, na joto hupasha kioo. Halafu angalia kile kibonye kinachozungusha hewa ile ile ya ndani. Kikifungwa, mnapumua hewa moja safari nzima na maji yanazidi kuongezeka. Kifungue hewa ya nje iingie.

Na lile lori kuukuu lisilo na joto wala baridi? Fungua dirisha kidogo, upana wa vidole viwili, pande zote mbili, hewa ipite. Abiria watanung'unika kwamba wanalowa. Waambieni kwa heshima: mama, mzee, afadhali bega lililolowa kuliko kwenda bila kuona. Na usifute kioo kwa kiganja. Mkono una mafuta, na pale ulipofuta ndipo ukungu utakaporudi upesi. Weka kitambaa kikavu karibu, na kama kuna taniboi, kazi ya kufuta iwe yake, wewe uangalie njia.

Ziko pia dawa za madereva, nasi tumeulizwa juu yake mara nyingi. Sabuni kavu ikipakwa kwa ndani kidogo sana, halafu ikasuguliwa kwa kitambaa mpaka isionekane, yafaa, kwa sababu inafanya maji yatandae badala ya kuwa matone. Haikai siku nyingi, lakini yafaa. Kiazi kibichi kilichokatwa, kikisuguliwa nje ya kioo, chaweza kusaidia kwa muda mfupi kama waipa imekufa njiani, ili ufike mahali pa kusimama. Mafuta ya taa au ya dizeli hayafai kabisa. Mbele ya taa hufanya rangi za upinde wa mvua, na huharibu mpira wa waipa.

Na ukungu wa barabara yenyewe ukishuka, usiwashe taa kubwa. Mwanga wake hugonga ukungu na kurudi machoni mwako. Tumia taa za chini, punguza mwendo, na kama huoni, toka barabarani kabisa usimame mahali salama, taa za hatari zikiwaka.

WAIPA NI YA NANI?

Sasa, ndugu, tumefika mahali pagumu. Haya yote tuliyosema ni kazi ya dereva. Lakini dereva haajiriwi kununua waipa.

Mwaka 1903 mama mmoja wa Marekani, jina lake Mary Anderson, wa Alabama, alipewa na serikali ya kwao hati ya uvumbuzi wa waipa iliyosukumwa kwa mkono kutoka ndani. Wazo lilimjia alipokuwa New York wakati wa baridi, ndani ya tramu, yaani gari la reli za mjini. Aliona dereva amelazimika kufungua kioo ili aone njia, na theluji ikimwingilia. Mama huyo alitafuta wa kununua uvumbuzi wake asipate, hati ikaisha bila kumpa faida. Kwa hiyo waipa ilianza kwa mtu kumhurumia mfanyakazi wa reli, na wenye mali hawakuona kuwa ina bei. Hata leo wako wasioiona.

Twayajua maneno yenyewe. Dereva asema, "Waipa haifanyi kazi." Ajibiwa, "Nenda tu, mzigo umechelewa, tutatengeneza ukirudi." Ajali ikitokea, yule aliyesema "nenda tu" hayuko barabarani. Anayeulizwa na polisi ni dereva, kama bado yuko hai wa kuulizwa.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 55, inataka gari na vyombo vyake vyote vitunzwe wakati wote, gari lisiwe hatari kwa watu walio barabarani wala kwa walio ndani yake. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa kazini. Mpaka hatari iondolewe, mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mfanyakazi ndani yake. Nasi twasema kwamba lori ni mahali pa kazi pa dereva, kama vile karakana ilivyo yetu.

Kwa hiyo twashauri hivi. Ubovu wa waipa au wa upepo wa kioo uandikwe, usisemwe kwa mdomo tu. Andika tarehe, saa, namba ya gari, na jina la msimamizi uliyemwarifu. Bakia na nakala. Siku hizi simu yaweza kupiga picha ya karatasi na ya waipa yenyewe. Nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Na katika mapatano yajayo na waajiri, tawi lidai kwamba mipira ya waipa ibadilishwe kwa magari yote kabla ya masika na kabla ya vuli, bila dereva kukatwa hata senti.

Twajua anacholaumiwa dereva anayelipwa kwa safari: asipoondoka, watoto hawali. Hatumdharau. Mtu mmoja akikataa kuondoka na gari bovu, hutafutwa mtu mwingine langoni. Wote wakikataa, hutafutwa waipa. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Watu husema ajali haina kinga. Ziko ajali za namna hiyo, hatukatai. Lakini ajali ya kioo kilichofunga ina kinga, nayo ni kitambaa safi, mpira mzima, dirisha lililofunguliwa kidogo, na karatasi iliyoandikwa kwa wakati. Mvua haiko mbali. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kila mmoja apitishe kidole juu ya waipa yake.