Kimo cha Nyati na Kimo cha Mtoto



Ndugu wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana wetu anatuuliza kama yuko mtu awezaye kujiongezea kimo kwa kuhangaika kwake. Leo tulitafakari swali hilo kwa kuwatazama wanyama.

Hapa kwetu pwani, katika Hifadhi ya Saadani, kusini ya Pangani, yuko nyati mweusi, ambaye dume lake huweza kupita kilo 700. Tukienda hadi misitu ya Kongo twamkuta ndugu yake mwekundu, ambaye aghalabu hazidi kilo 320. Mbona wametofautiana hivyo? Kila mmoja amelingana na makao yake. Mbugani majani ni tele, na nyati hana budi kumkabili simba. Msituni majani ni haba na miti imesongamana. Mwili mdogo hupenya kwa urahisi na hushiba kwa kidogo.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mwaka 1847 Mjerumani Carl Bergmann alieleza kwamba mwili mkubwa hutunza joto kuliko mdogo; kwa hiyo wanyama wa nchi za baridi mara nyingi huwazidi jamaa zao wa nchi za joto.

Lakini upo udogo wa namna nyingine. Ayala wekundu wa Uskoti huishi vilimani penye malisho duni. Katika karne ya 19 baadhi yao walipelekwa New Zealand, na uzao wao, kwa kupata malisho mema, ukawapita wazazi kwa ukubwa. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni chakula.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo dhamiri yetu inapoguswa. Katika kigango kimoja cha milimani tulimkuta mama aliyechekwa na majirani kwa udogo wa mwanawe. Walisema, "Ndiyo mbegu yao." Kumbe mtoto yule alikuwa akila ugali na mchicha tu, siku nenda siku rudi. Nasi tulikuwa tumempa baraka mara nyingi, pasipo kuuliza amekula nini.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Madhara hayo huanza mapema, tangu mimba hadi mtoto atimizapo miaka miwili. Baadaye ni vigumu kuyarekebisha.

Basi, kimo alichotujalia Mungu tukipokee kwa shukrani, wala tusimcheke mtu. Bali kimo kilichoibwa na njaa tusikiite mapenzi ya Mungu. Juma hili kila jumuiya ndogo ndogo iitafute nyumba yenye mama mjamzito au mtoto mchanga, na iende na maharage, dagaa au mayai. Kwa kuhangaika hatuwezi kujiongezea kimo; kwa kugawana twaweza kumwongezea mtoto wa jirani.

Mungu awabariki. Amina.