Rangi Ingali Nzima: Mikwaruzo kwenye Pikipiki Iliyopakwa Upya

Mazungumzo mbele ya wanachama, Baraka

 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja lililoanza kuleta maneno kati ya wapaka rangi na wenye pikipiki. Pikipiki inatoka garaji inang'aa. Wiki chache zinapita, mwenyewe anairudisha. Kwenye jua, tangi limejaa mikwaruzo midogo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Anasema rangi ni mbaya, anataka ipakwe tena bure. Kijana naye anaona kazi yake imetukanwa. Na pikipiki nyingi zetu zimenunuliwa kwa pesa ya likirimba, na watu waliorudi kutoka kambi za Tanzania bila mtaji mwingine. Siku pikipiki inalala garaji, kuna nyumba haipiki.

Wandugu, mara nyingi rangi iko nzima kabisa. Kilichokwaruzwa ni verni, ile ngozi ya juu inayong'aa. Mikwaruzo imeenda kila upande, lakini mwanga unaonyesha zaidi ile inayoukatiza, njo maana tunaona kama duara kuzunguka jua.

Inatoka wapi? Inatoka kwa mchanga. Vumbi la barabara zetu lina chembe ngumu. Mtu akipangusa tangi kavu kwa shati, au kwa kitambaa kilichoanguka chini, anatembeza mchanga juu ya verni ambayo bado ni laini. Wakati mwingine ni garaji: kitambaa cha kung'arishia kilikuwa kichafu, au mashine ilikandamizwa sana. Kwa hiyo tusihukumiane kabla ya kuangalia.

Kabla ya kugusa, tufanye mambo matatu.

Kwanza, tungoje ikomae. Rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole na ndani bado mbichi. Verni yenye hadina inakomaa mapema kuliko rangi ya tina peke yake. Tusome kopo, muda umeandikwa pale. Nta tusipake mwezi wa kwanza, tina iliyobaki ipate njia ya kutoka.

Pili, tupitishe ukucha pole pole. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina. Hiyo ni kazi ya msasa wa maji namba 2000 au ya kupaka upya, na fundi aamue. Usiponasa, polishi inatosha.

Tatu, tusugue polishi kidogo mahali pa kujificha kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, pikipiki haina verni, tunasugua rangi yenyewe. Hapo tuwe wapole zaidi.

Sasa kazi. Osha, kausha, weka kivulini, chuma kiwe baridi. Funika kingo na stika kwa skochi ya karatasi, kwa sababu kwenye kingo verni ni nyembamba sana. Anza na polishi laini kuliko zote, tone dogo, kwenye eneo la viganja viwili tu. Sugua kwa mkono bila kukandamiza, pangusa kwa kitambaa safi, angalia kwa tochi ya simu. Ikiwa bado, rudia. Verni kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, na kila mara tunaipunguza. Ikiisha, hairudi. Bora kubakiza alama mbili tatu kuliko kufika kwenye rangi.

Majivu, dawa ya meno na poda ya kusugulia sufuria, apana. Chembe zake hazilingani, zinaondoa mkwaruzo mmoja na kuleta kumi.

Na hili tunalisema kwa uzito. Kuna polishi zenye mafuta yanayojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Mteja anaondoka anacheka, mvua zikipita mara chache alama zinarudi. Kabla ya kukabidhi kazi, verni ikiwa imekomaa, pangusa kwa alkoli iliyochanganywa na maji, uone ukweli. Kumwuzia ndugu pikipiki iliyofichwa alama ni kumwibia, na jina linaloharibika ni la chama chote.

Ninyi motari, kinga iko mikononi mwenu. Mwaga maji kwanza, mchanga ushuke. Tumieni ndoo mbili, moja ya sabuni laini, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anzia juu, malizia magurudumu, na kitambaa cha magurudumu kisiguse tangi. Msioshee ufukweni: mchanga uko pale, na mafuta ya pikipiki yanaingia ziwani, tunakochota maji na kuvua samaki.

Tunapendekeza kila garaji ya wanachama imwonyeshe mteja tangi juani siku ya kukabidhi, wote wawili waangalie, na imweleze namna ya kuosha. Hivyo kesho hakuna atakayesema hakuona.