Mali Iliyo Chini ya Bahari ni ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya somo nililolifundisha kwa miaka mingi, yaani historia. Nimechagua historia isiyoonekana kwa macho, ingawa wengi wetu tumepita juu yake kwa mashua. Nayo ni merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyolala mbele ya Fort Jesus, Mombasa.

Merikebu hiyo iliundwa Bassein, Uhindi. Ilitumwa kutoka Goa kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni na majeshi ya Omani tangu Machi 1696. Msaada haukutosha. Oktoba 1697 merikebu ilizama karibu na ngome, na Desemba 1698 ngome yenyewe ikatekwa.

Kati ya 1977 na 1980, wazamiaji walioongozwa na Robin Piercy waliichunguza kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walipata mizinga, mitungi, vyombo vya kaure kutoka Uchina na vitu vingine vingi. Kila kitu kilipimwa na kuandikwa mahali kilipokuwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtungi ulioandikwa mahali pake hutueleza habari za mabaharia; mtungi ule ule ukiuzwa sokoni hautuelezi lolote ila bei yake.

Mbao za merikebu zilipimwa, zikaachwa kule kule na kufunikwa tena. Mbao iliyolowa kwa karne tatu ikikauka ovyo hujikunja na kupasuka, na kuitibu huchukua miaka na fedha nyingi. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unafuata njia hiyo hiyo: kuviacha vitu mahali pake lifikiriwe kwanza, visiuzwe, na wananchi waruhusiwe kuviona bila kuviharibu.

Najua wako watakaouliza: ikiwa merikebu imefunikwa, mwananchi anafaidi nini? Swali ni la haki. Vitu vilivyotolewa vimewekwa katika makumbusho ya Fort Jesus, lakini taarifa nyingi za uchunguzi ule zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Na anayeilinda bahari kila siku si mtaalamu, ni mvuvi. Asipoambiwa, atatia nanga penye mabaki, au atauza chungu kilichonaswa na wavu wake, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Elimu isiyomfikia mwenyewe ni sawa na hazina iliyozikwa mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina maombi mawili. Kwanza, chama chetu kilipie basi kila mwaka, wanafunzi wa shule hii waende Fort Jesus wakavione vitu hivyo. Pili, tutoe kijitabu kwa Kiswahili chepesi, kigawiwe shuleni na bandarini kwa wavuvi, kiwaeleze kwamba wakiona kitu cha kale wasikiondoe, bali waweke alama ya mahali na kuwaarifu watu wa makumbusho. Kuandika nitaandika mimi. Gharama ya kuchapa naiacha mikononi mwenu.