Vazi la Kuthubutu na Vipimo Vyake: Kutoka Same Mjini hadi Milimani

Ndugu mafundi na wabunifu,

Majukwaa kama Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008 jijini Dar es Salaam, yamewapa wateja wetu ujasiri. Siku hizi mteja anakuja na picha ya gauni lenye mabega yaliyopanda hadi masikioni, naye analitaka lilivyo. Mshoneeni. Ila kumbukeni kwamba mwanamitindo yule alitembea kwenye sakafu tambarare, chini ya taa, bila kujifunika kitu.

Chukueni mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160. Kutoka begani hadi sakafuni ni kama 133, na kutoka begani hadi kiunoni ni kama 40. Mshono wa kiuno ukikaa hapo, sehemu ya juu inapata theluthi moja na ya chini inapata mbili. Hata sketi ikiwa pana mno, jicho linatulia. Sasa mvalisheni sweta. Same mjini mchana hatalihitaji, lakini sherehe iko Chome, chini ya Shengena yenye mita 2,462, ambako baridi ya jioni haina mzaha. Sweta linaishia nyongani, sentimita 60 hivi kutoka begani. Zimebaki 73. Vazi limekatwa karibu nusu kwa nusu, mabega yamebonyea, na watu wanasema mvaaji ni mfupi au mnene. Lawama hiyo inaniumiza kila ninapoisikia, kwa sababu mwili wake hauna kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika mkasi, muulizeni mteja nguo itavaliwa wapi. Kama ni milimani, hamisheni upana: uanzie magotini kwenda chini, au upande kwenye lemba. Mshoneeni na koti fupi la kitenge kilekile, liishie kiunoni, na mlihesabu kwenye bei tangu mwanzo. Pindo likae sentimita kumi juu ya kifundo cha mguu. Njia zetu ni za kupanda na kushuka, mvua ikinyesha ni tope, na sketi pana kwenye bodaboda hunaswa na mnyororo. Hilo la mwisho ni usalama kabla ya urembo.

Upana nao unataka utulivu pembeni yake. Mjapani Rei Kawakubo, kwa msimu wa machipuko wa 1997, alijaza manundu mgongoni na nyongani mwa magauni yake, lakini mengi aliyashona kwa kitambaa cha drafti cha kawaida kabisa. Umbo lilipopaza sauti, kitambaa kilinyamaza. Sisi tunaweka mikono ya puto, marinda na kitenge chenye maua makubwa kama sahani katika gauni moja. Chagueni kimoja. Ua kubwa likichaguliwa, mkato uwe mnyoofu. Na kwa khanga, mji wake usipasuliwe na mshono wa katikati.

Sare za kwaya ndizo ngumu zaidi, hasa za Sabato, maana mshono mmoja unavaliwa na miili thelathini. Msinakili sentimita za mwimbaji wa kwanza. Nakilini theluthi yake. Katika zoezi la mchana huu kila kikundi kipime watu watatu wa vimo tofauti, kiweke alama ya kiuno kwa kila mmoja, kisha kiwavalishe sweta na kupima upya.