Kukagua Koili na Sili za Plagi katika Gari la Chama



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, hata ya yule ambaye hajawahi kulipanda. Kila shilingi inayolipwa gereji hutoka katika makato ya mazao yao. Kwa hiyo ugonjwa wa injini si jambo la dereva na fundi peke yao. Ni jambo la hesabu, na usipoeleweka huzaa hasara ambayo leja huiita matengenezo.

Miongoni mwa magonjwa ya magari ya petroli ni ule ambao mafundi huuita kumisi. Injini hutetemeka gari likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani, taa ya injini huwaka, na harufu ya petroli mbichi husikika kwenye ekzosi. Mara nyingi hukumu hutolewa upesi: koili zimekufa, zinunuliwe zote nne. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ukaguzi wa muda mfupi waweza kuonyesha tofauti hiyo kabla fedha hazijatoka.

Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi maelfu mengi ya volti, ili uruke pengo dogo kwenye ncha ya plagi na kutoa cheche. Magari ya zamani yalikuwa na koili moja, distribyuta na waya za plagi. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni kila plagi ina koili yake, iliyoketi juu yake ndani ya shimo refu linalopita katika kifuniko cha valvu.

Hapo ndipo sili zinapoingia. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni washa ya chuma iliyo kwenye shingo ya plagi. Hiyo huzuia moto na gesi ya silinda visitoroke. Plagi nyingine hazina washa, bali huketi kwa mwinamo wa chuma chake. Ya pili ni pete za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi kwenye kifuniko cha valvu. Hizo huzuia oili ya injini isiingie shimoni. Mpira huo hukakamaa kwa joto na umri. Oili ikipenya huharibu mpira wa koili, na umeme hupata njia ya mkato kwenda kwenye chuma badala ya kushuka kwenye plagi. Koili huonekana imekufa, kumbe aliyeiua ni pete ya mpira yenye bei ndogo. Akibadilisha koili tu, fundi ameacha ugonjwa mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukaguzi wafaa ufuate utaratibu huu.

Kwanza, injini izimwe na iachwe ipoe kabisa, kwani plagi ikifunguliwa injini ingali moto, nyuzi za kichwa cha aluminiamu zaweza kung'oka. Waya au koili isivutwe kamwe injini ikiwa inanguruma. Umeme wake waweza kumdhuru mtu, na pia kuharibu vifaa vya gari.

Pili, vumbi lipulizwe kabla ya plagi kufunguliwa, lisije likadondokea ndani ya silinda. Koili ing'olewe na kutazamwa. Mpira ukiwa umelowa oili, sili ya kifuniko cha valvu imechoka. Mstari mwembamba mweusi juu ya mpira au kigae cheupe cha plagi ni alama ya umeme uliotoroka. Lakini duara la rangi ya kahawia kwenye kigae, karibu na chuma, si lazima liwe dalili ya uvujaji; plagi nzima huwa nalo pia.

Tatu, koili zibadilishane nafasi. Ikiwa kipimo cha kompyuta kinasoma P0302, maana yake silinda ya 2 inamisi. Koili yake ihamishiwe silinda ya 3, hitilafu ifutwe, na gari lijaribiwe. Kipimo kikisoma P0303, koili ndiyo mbovu, nayo ni moja tu. Kikibaki P0302, koili haina kosa. Itazamwe plagi, kisha nozeli ya petroli na mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halihitaji kipuri kipya hata kimoja.

Nne, wakati wa kurudisha, plagi ianze kukazwa kwa mkono. Plagi mpya yenye washa hukazwa zaidi kwa spana kiasi cha nusu hadi theluthi mbili za mzunguko. Isiyo na washa huhitaji mguso mdogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita. Hata hivyo, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Liko shauri gumu zaidi, nalo ni la Bodi. Dereva hutoa taarifa katikati ya msimu, mazao yakiwa ghalani, naye huambiwa asukume mpaka msimu uishe. Taa ya injini ikipepesa, amri hiyo ni ya hasara. Petroli isiyoungua huingia katika ekzosi na kukiunguza kifaa kinachosafisha moshi, ambacho bei yake yaweza kuzidi ile ya koili mara nyingi. Dereva aliyesimamisha gari kwa dalili hiyo asihesabiwe mvivu. Amelinda mali ya chama.

Kwa upande wa ofisi, hati ya malipo ya koili isitiwe sahihi mpaka mambo matatu yaonekane: namba ya hitilafu iliyosomwa kabla na baada ya kuhamisha koili, hali ya sili za mashimo ya plagi, na kipuri cha zamani chenyewe kikiwa mezani. Yote yaandikwe katika kitabu cha gari pamoja na tarehe na kilomita. Fundi mwaminifu hataona uzito kutimiza hayo, na mwanachama atakayeuliza katika Mkutano Mkuu fedha zake zilikwenda wapi atapata jibu lililoandikwa.