Daftari la Chama Katika Kompyuta: Mzigo wa Kusakinisha Usimwelemee Karani

(Mazungumzo kwa makatibu na makarani wa vyama vya msingi, Igamba, Wilaya ya Mbozi)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Igamba, kama ilivyo katika Mbozi nzima, mali inayohusika hasa ni kahawa. Mkulima afikishapo kahawa yake kwenye mizani ya chama, kinachobaki mkononi mwake ni stakabadhi, na kinachobaki chamani ni mstari mmoja wa daftari: jina, namba ya uanachama, tarehe na kilo. Mstari huo ukipotea, au ukiandikwa mara mbili, malipo yake hupotoka na imani ya wanachama huvunjika. Kwa hiyo namna ya kutunza daftari ni suala la haki ya mkulima, wala lisiachiwe mafundi peke yao.

Chama kinachopata kompyuta hukuta kwamba zipo programu za kutunza kumbukumbu, ziitwazo hifadhidata, ambazo hazinunuliwi. Hizo ni programu huria: kila mtu ameruhusiwa kuzitumia, kuchunguza maandishi yaliyozijenga, kuzirekebisha na kuwagawia wenzake. Mojawapo ni PostgreSQL, yenye asili katika kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nyingine ni MySQL, iliyotoka Sweden mwaka 1995, na MariaDB, iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2009. Hazitofautiani kwa uwezo na zile zinazouzwa kwa fedha nyingi kiasi cha kukihangaisha chama cha msingi.

Hata hivyo, kitu kisicho na bei chaweza kuwa na gharama, na gharama ya programu hizi huanza siku ya kwanza, siku ya kuzisakinisha, yaani kuziweka katika kompyuta na kuziandaa zifanye kazi. Karani mgeni hukutana na maagizo ya Kiingereza yaliyoandikwa na fundi kwa ajili ya mafundi wenzake. Hutakiwa kuchagua faili moja kati ya nyingi kufuatana na aina ya kompyuta yake. Huulizwa neno la siri ambalo hajui litatumika wapi, na kesho yake huambiwa kwamba alilolitaja silo. Akimaliza yote hayo, hutazamia kuona daftari, naye huona kioo cheusi chenye alama moja inayopepesa. Programu yenyewe inafanya kazi kwa siri nyuma ya kioo, lakini nani atamwambia?

Matokeo yake yanaeleweka. Karani huacha, hurudi kwenye majedwali yake mwenyewe aliyoyahifadhi katika flashi, na siku anapohama, kumbukumbu za chama huhama pamoja naye.

Ndugu Wanachama, wapo watengenezaji waliotambua kwamba kosa hilo si la mgeni. Walioanzisha MySQL walijiwekea kanuni kwamba mtu aliyeipata programu yao aweze kuitumia katika muda wa dakika 15. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, ilikwenda mbali zaidi: haihitaji seva wala neno la siri la kuanzia, na hifadhidata nzima ni faili moja. Ndiyo sababu inakaa ndani ya simu za mkononi za mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Nayo lugha ni sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zenye maelezo ya Kiswahili, kikaonyesha kwamba kompyuta yaweza kusema na mwananchi kwa lugha yake.

Fundisho kubwa zaidi limetoka katika sekta ya afya. DHIS2 ni programu huria ya kukusanya takwimu za zahanati na hospitali, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Nchini Kenya, mpango wa awali ulikuwa kuisakinisha katika kompyuta za kila wilaya. Ilipoonekana kwamba mtandao wa simu umefika hata kwenye vituo vya mbali, mpango huo ukabadilishwa. Mwaka 2011 programu ikasakinishwa katika seva moja ya kati, na ofisi za wilaya zikaifikia kwa modemu za simu. Kazi ambayo ingerudiwa na watumishi wengi ikafanywa mara moja na mafundi wachache. Tanzania nayo imeitumia DHIS2 katika takwimu zake za afya.

Ushirika umekwisha kuuona utaratibu wa namna hiyo. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hufikiwa kwa mtandao, na karani hatakiwi kusakinisha seva ofisini kwake.

Lakini wepesi nao una hatari zake. Mwezi Januari 1917 ungekuwa wa wezi wa sanduku. Januari 2017 ulikuwa wa wezi wa hifadhidata. Maelfu mengi ya hifadhidata za MongoDB, zilizosakinishwa kwa haraka na kuachwa wazi mtandaoni bila neno la siri, zilifutwa na wahalifu waliodai fidia. Baadaye mwaka huo huo watengenezaji walibadili mpango wa kuanzia, hata programu ikawa haipokei wageni wa nje mpaka mwenyewe aamue. Urahisi unaofaa ni ule unaomfikisha mgeni ndani na kumfungia mlango nyuma yake.

Kutokana na hayo, vyama vya msingi vinashauriwa mambo manne.

Kwanza, mzigo wa kusakinisha uchukuliwe mara moja na chama kikuu au na vyama kadhaa kwa pamoja, wala kila karani asiachwe apambane peke yake.

Pili, maagizo yaandikwe kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kisha yajaribiwe na karani ambaye hajapata kuiona programu hiyo. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha maagizo.

Tatu, neno la siri kuu lisiwe la mtu mmoja. Liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na litunzwe kwa utaratibu uliokubaliwa na bodi. Nakala ya akiba itunzwe nje ya ofisi na ijaribiwe kufunguliwa.

Nne, daftari la karatasi na stakabadhi viendelee. Umeme ukikatika au mtandao ukizimika, mizani haisimami. Na wakaguzi wafikapo watahitaji kulinganisha kilichoandikwa kwa kalamu na kilichomo katika kompyuta.

Ndugu Wanachama, ushirika ulianzishwa ili mzigo usiobebeka na mmoja ubebwe na wengi. Kusakinisha hifadhidata ni mzigo wa namna hiyo. Ukibebwa pamoja, karani wa Igamba atabaki na kazi yake halisi, nayo ni kuandika kwa usahihi kilo za kila mkulima, ili siku ya malipo kila mmoja apate kilicho haki yake.